Vipande Nilivyovipa Sifuri

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu amenipa daftari hili akasema niandike humu manung'uniko yangu, maana yeye amechoka kuyasikia. Haya basi. Nung'uniko la kwanza: wametuletea mashine ya kusikiliza ndege.

Nimefanya kazi kituo hiki miaka thelathini na mmoja. Jina nililopewa na wazazi limeshasahaulika. Wote wananiita Sikio. Hata Mkurugenzi, mwenye shahada tatu na asiyejua tofauti ya tetere na njiwa wa paani, ananiita Mzee Sikio. Sasa kaja binti mmoja mwenye miwani, umri wa kitinda mimba wangu, kazi yake ni kuifundisha kompyuta kutambua ndege kwa sauti. Wamefunga vinasa sauti kumi na viwili kuzunguka kinamasi. Sauti inakatwa vipande vya sekunde tano tano. Mimi navaa hedifoni, nasikiliza kila kipande, naandika namba ya ndege niliyemsikia. Moja ni mnana, mbili tetere, tatu korongo, hivyo hivyo mpaka kumi na tisa. Nisiposikia ndege, sifuri. Mashine inatazama nilichoandika na kujifunza kwangu. Eti siku moja itasikiliza yenyewe.

Namba saba ni kisindano, na kwa ajili yake ndiyo tumeletewa vyote hivi. Kuna watu wanataka kukausha kinamasi wajenge maghala. Wamepewa sharti moja: kama kisindano anazalia humo masika haya, hawagusi hata tete moja. Kama hayupo, wachimbe. Ni ndege wa ukubwa wa kidole gumba, rangi ya matope, anayejificha. Ukimtaka lazima umsikie: sauti yake nyembamba mno, inapita kama sindano kwenye kitambaa kizito. Ripoti inatakiwa tarehe thelathini Aprili, na sahihi yangu chini yake.

Dada yangu mkubwa anaishi ukingoni mwa kinamasi kile. Anakata matete na kusuka majamvi. Kwa hiyo sihitaji kukumbushwa uzito wa kazi hii.

Jumanne, 5 Machi

Binti kaniamkia vizuri, shikamoo na kupiga goti kidogo, nikaitikia. Kisha akaharibu.

"Mzee, kwa kawaida tunaweka wasikilizaji wawili. Kila mmoja anasikiliza peke yake, halafu tunalinganisha majibu."

"Wawili wa nini?"

"Kuhakikisha tu, Mzee."

"Na mimi nani atanihakikisha?"

Zamani tulikuwa wawili kweli, lakini mwenzangu alistaafu mwaka wa juzi na hakuna aliyeletwa badala yake. Sahihi yangu imetosha tangu hapo. Mkurugenzi alikuwa anapita, akaingilia: "Binti, huyu hapingwi. Akisema yupo, yupo." Nikavuta kiti changu nikakaa. Sifichi, nilijisikia vizuri sana.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Vipande mia nne. Vyura watupu.

Jumatatu, 11 Machi

Leo tumefungua kabati la kanda za zamani. Paa linavuja juu yake na nusu ya kanda zimeota ukungu. Zimepona chache, na humo mna kisindano vipande arobaini, nilivyorekodi mimi mwenyewe nikiwa na nywele nyeusi. Nikamwambia Binti akae asikie ndege anavyolia, si anavyosomwa vitabuni. Nikaweka kanda, nikafungua sauti mpaka mwisho. Kelele za mkanda tu, shwaa, shwaa.

"Imeoza," nikasema.

Binti akanitazama, akaitazama spika, akaandika kitu.

"Na hii nyingine, Mzee?"

"Nayo imeoza."

"Basi nizitie kwenye mashine hivyo hivyo? Kwenye daftari lako la zamani zimeandikwa kisindano."

"Daftari langu halisemi uongo. Zitie."

Watoto wa siku hizi ni wanafiki. Anasikiliza kelele na kutikisa kichwa kana kwamba kuna kitu kimelia.

Ijumaa, 15 Machi

Tumegombana nyumbani. Nimeachiwa birika jikoni, mke wangu kaenda kwa jirani, kurudi birika limeungua kitako na mimi nimekaa hatua nne tu kutoka jikoni nasoma gazeti.

"Hukulisikia likipiga filimbi?"

"Halikupiga."

"Limepiga mpaka jirani kaniambia nenda kazime birika lako!"

"Hilo birika bovu. Na wewe acha kunong'ona, sema kama mtu."

"Sinong'oni, mume wangu," akasema, polepole, mdomo wazi, kama anamfundisha mtoto kusoma. Nikaondoka.

Jumanne, 19 Machi

Dada kapita kituoni na mzigo wa majamvi. Hakukaa. Kasema: "Kisindano wako kaamka. Siku ya nne leo, nyuma ya choo changu."

Kinasa namba tano kiko nyuma ya choo chake. Nimesikiliza asubuhi zake zote nne, kipande kwa kipande. Mnana, mnana, vyura, sifuri, sifuri. Nilimwambia atakuwa ameota. Akacheka, akasema mimi ndiye naota, tena nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua imekata barabara. Nimekaa nyumbani. Wajukuu wamepiga simu. Wote wanasema kwa kutafuna maneno. Nani anawalea hawa?

Jumatatu, 1 Aprili

Binti ana ugonjwa wa picha. Kila sauti kwake ina picha kwenye kompyuta: sauti nene inachorwa chini, nyembamba inachorwa juu. Leo kaniita nione kipande nilichokipa sifuri. Juu kabisa kulikuwa na vijistari vitatu, vifupi, vimelala sambamba.

"Hivi ni nini, Mzee?"

"Mimi sikujifunza ndege kwa macho."

"Naelewa. Lakini vinafanana kidogo na vile vya kanda za zamani. Na mimi nasikia kama kitu fulani."

"Unasikia kitu gani?"

"Kama... sijui. Chembamba."

Nikavaa hedifoni, nikasikiliza mara tatu kwa heshima yake. Hakuna. "Nyenje," nikamwambia. "Mtu asiyezoea porini kila nyenje humwona ndege."

"Sawa, Mzee." Akaniuliza tena baada ya chakula, na tena jioni, kipande kingine, mistari ile ile. Nilimjibu vile vile, na mara ya tatu nilimjibu kwa ukali. Akasema basi atavihesabu vyote kuwa nyenje, na mashine itajua hivyo.

Jumapili, 7 Aprili

Kupumzika.

Jumatano, 10 Aprili

Leo mashine imejaribiwa. Vipande elfu moja ambavyo haijawahi kuvisikia. Mimi kwanza, yenyewe baadaye, kisha wakalinganisha. Mkurugenzi kasimama mlangoni mikono mfukoni. Binti akasoma: "Asilimia tisini na saba. Mashine inakubaliana na Mzee mara tisini na saba katika kila mia."

Wakapiga makofi. Mkurugenzi akanishika bega. "Mzee, sasa una pacha." Nilikuja nikiichukia ile kompyuta, na leo nimejikuta naitazama kama mtu anavyomtazama mwanawe anayefanana naye. Hata Binti nimeanza kumwona ana adabu na akili. Hajaniuliza swali tangu wiki iliyopita.

Kisindano: hakuna. Mimi sijamsikia, mashine haijamsikia. Nasikitika kwa ajili ya dada, lakini kazi ni kazi.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua kubwa. Hakuna.

Alhamisi, 25 Aprili

Nina hasira na sijui nimkasirikie nani, kwa hiyo nitaandika yote.

Leo ulikuwa mkutano wa wakazi. Ukumbi wa bati, mvua juu, watu wamesongamana na miamvuli inatiririsha maji miguuni mwa wenzao. Mbele alikaa mwenyekiti, Mkurugenzi, mimi, na bwana wa maghala aliyevaa viatu vyeupe siku ya tope. Mkurugenzi akaeleza: vinasa kumi na viwili, wiki saba, mashine ya kisasa kabisa, mtaalamu wa miaka thelathini na mmoja. Matokeo ni hakuna kisindano. Akauliza kama kuna swali.

Akasimama dada. Ana miaka sabini na mmoja lakini akisimama yeye, wengine hukaa.

"Mimi naishi pale," akasema. "Kisindano analia kila asubuhi kabla sijawasha moto. Leo kalia. Mnaposema hayupo, mimi nasikia nini?"

Minong'ono. Bwana wa maghala akatabasamu, akasema kwa upole sana: "Mama, tuna mtaalamu hapa. Mtaalamu atujibu."

Macho yote kwangu. Ningeweza kusema mengi. Ningeweza kusema twende kesho asubuhi sote tukasikilize. Hilo lilinijia kichwani, naapa, na nikalikataa papo hapo, kwa sababu lingekuwa na maana kwamba neno langu linahitaji kwenda kuangaliwa. Nikasimama.

"Dada yangu ni mtu mzima," nikasema. "Anapapenda mahali pake, na sote tunamwelewa. Lakini anachosikia ni nyenje."

Ukumbi ukacheka. Kutoka nyuma mtu akapaza sauti, "Bibi, wasalimie nyenje!" na wakacheka tena.

Dada hakuwaangalia wao. Aliniangalia mimi. Akasema neno, midomo yake niliiona, sikulisikia kwa ajili ya mvua na kelele. Kisha akajitanda mtandio wake, akatoka kwenye mvua, hakungoja nimsindikize.

Nyumbani nilimuuliza mke wangu, aliyekuwa amekaa safu ya mbele, dada alisema nini.

"Alisema, 'Mimi ndiye niliyekuonyesha kisindano, ukiwa mgongoni kwangu.'"

Ni kweli. Mama alikufa nikiwa sijaanza kutembea vizuri. Yeye alikuwa na miaka kumi na tatu, akanibeba, akakata matete akiwa na mimi mgongoni. Sauti ya kwanza ninayoikumbuka duniani ni ya ndege yule.

Ijumaa, 26 Aprili

Mke wangu hazungumzi nami. Au anazungumza, sijui.

Jumapili, 28 Aprili

Amezungumza. Amenikalisha sebuleni, akanishika kidevu ili nitazame mdomo wake.

"Husikii," akasema. "Mwaka wa nne huu. Simu ikilia huisikii. Wajukuu wakisema huwasikii. Birika. Mlango. Nimekufichia kwa watu mpaka nimechoka. Nikisema sana unanitukana, nikinyamaza unaunguza nyumba. Sasa umemfedhehesha dada yako mbele za watu. Kesho tunakwenda kupima."

Nilimwambia ng'ombe hazeeki maini. Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Hakuwa anatania.

Jumatatu, 29 Aprili

Chumba kidogo, kuta za sponji, dirisha la kioo. Mpimaji ni kijana mpole. "Kila ukisikia mlio, bonyeza hapa." Nikabonyeza, nikabonyeza, nikabonyeza. Kisha kimya. Nikakaa nangoja aendelee. Nilipomtazama dirishani, vidole vyake vilikuwa kazini na yeye ananiangalia mimi. Nikadhani chombo chake kimeharibika.

Akanionyesha karatasi. Mstari unakwenda vizuri, unakwenda vizuri, halafu unaporomoka.

"Sauti nene unazisikia kama kijana, Mzee. Nyembamba huna. Na haikuanza leo. Umri, ni kawaida kabisa."

"Kuna dawa?"

"Kuna vifaa vya kuvaa, vitakusaidia kwenye mazungumzo. Zile za juu kabisa hazitarudi."

"Ndege?"

"Ndege gani, Mzee?"

Nikaikunja ile karatasi nikaitia mfukoni. Mke wangu alinishika mkono mpaka nyumbani, jambo ambalo hajalifanya tangu watoto waote meno.

Jumanne, 30 Aprili

Niliamka nikijua la kufanya. Niliingia kituoni saa mbili nikijua. Mkurugenzi alikuwa ameshaweka ripoti mezani, kurasa sitini, na kalamu juu yake. Binti yuko pembeni. Bwana wa maghala kaleta sanduku la soda.

Nikajiambia: labda kweli hayupo. Kutosikia kwangu hakumfanyi awepo. Nikajiambia: mashine nayo haijamsikia, na mashine haizeeki. Nikajiambia nitazungumza na Mkurugenzi kesho, peke yetu, kwa utulivu. Nilijiambia mambo matatu kwa muda wa kufungua kifuniko cha kalamu, kisha nikasaini.

Jumapili, 5 Mei

Sikuzungumza na Mkurugenzi Jumatano. Wala Alhamisi, wala Ijumaa.

Leo alfajiri nilikwenda kwa dada. Alinikuta mlangoni, hakusema karibu na hakusema toka. Nikamwambia, "Dada, masikio yangu yamekufa. Nionyeshe."

Akajitanda mtandio. Kisha akatangulia, miguu peku kwenye tope, tukazunguka choo, tukaingia kwenye matete mpaka maji ya magoti. Akanishika bega, akanigeuza, akanyoosha kidole. Nilikaza macho. Kijindege cha matope, kimeng'ang'ania tete moja, karibu kiasi cha kukishika. Domo wazi. Koo linatetemeka, mwili mzima unatetemeka.

"Analia?" nikauliza.

"Analia."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, mdogo wangu."

Sikusikia kitu. Vyura nawasikia, maji nayasikia, pumzi yangu naisikia, na mbele ya macho yangu ndege anapasua koo kwa kulia na ni kimya kitupu. Dada akauchukua mkono wangu, akaufungua, na kila ndege alipolia akanigonga kidole kimoja kwenye kiganja. Alinigonga mara kumi na nne. Nililia, na sikuona haya.

Tukiwa tunarudi alisema, "Kuna kiota. Makinda mawili." Basi.

Jumatatu, 6 Mei

Nilimwambia Binti kabla hajatua begi. Nilimpa karatasi ya mpimaji. Aliisoma, akafunga mlango, akakaa sakafuni, si kwenye kiti.

"Nilikuuliza mara tatu, Mzee," akasema. "Ya nne ningekuwa nakuvunjia heshima."

"Zile kanda za zamani..."

"Zilikuwa zinalia vizuri. Nilidhani unanipima kama nasikiliza kwa makini."

Akafungua kompyuta, akaiamuru itafute vile vijistari vitatu katika vipande vyote nilivyovipa sifuri. Tulikaa tunangoja. Ikatoa mia sita na kumi na viwili. Alfajiri ya kila siku, kuanzia tarehe kumi na sita Machi, vinasa vinne tofauti. Si ndege mmoja. Ni kundi zima, wanazaa.

"Lakini mashine ilikuwa na mifano arobaini ya zamani," nikasema. "Mbona nayo haikumsikia?"

"Arobaini ya zamani ilisema huyu ni kisindano. Mia sita ya mwaka huu, kwa mkono wako, ikasema si kitu. Ikafuata wengi."

"Na ile tisini na saba?"

Alivua miwani, akaifuta. "Tulipima kwa majibu yako, Mzee. Haikuwapata ndege sawasawa. Ilikupata wewe sawasawa."

Nilikuwa nikimwona mnafiki, huyu mtoto. Kosa lake ni kunikubali. Wangapi wamenikubali hivyo miaka hii yote, nami nikafikiri wananijua?

Jumanne, 7 Mei

Tuliingia kwa Mkurugenzi wawili. Nilizungumza mimi. Nilimwambia kila kitu, nikaweka karatasi ya mpimaji mezani na picha za Binti juu yake. Alisoma kwa utulivu. Namwogopa mtu mwenye hasira nusu ya ninavyomwogopa mtu mtulivu.

"Ripoti imeshapokelewa," akasema. "Kuibadilisha kuna utaratibu. Lazima msikilizaji aliyeidhinishwa aandike kwamba amemsikia ndege. Msikilizaji aliyeidhinishwa hapa ni wewe peke yako. Umemsikia?"

"Nimemwona."

"Sikuuliza hivyo."

"Sikumsikia. Mimi ni kiziwi wa sauti zile, ndiyo nakueleza!"

"Basi huwezi kuandika. Na kwa karatasi hii uliyoniletea mwenyewe, idhini yako imekwisha leo. Huwezi kusaini marekebisho."

"Basi na ile ripoti niliyosaini haifai!"

"Siku unasaini ulikuwa na idhini." Akazisogeza zile picha kwa kidole. "Na hizi ni michoro. Kanuni zinataka asikike. Kuna mtu mwingine aliyemsikia?"

"Dada yangu."

"Yule wa nyenje?"

Binti akasema ataandika yeye, apeleke juu yeye mwenyewe. Mkurugenzi akamjibu bila kumwangalia, "Mkataba wako unaisha lini, binti?" Nikasimama nikapiga meza kwa ngumi. Karani akachungulia. Mkurugenzi akamwambia, "Mzee hajisikii vizuri, mletee maji."

Yakaletwa. Niliyaacha.

Jumatatu, 13 Mei

Binti kaondoka, amehamishiwa kituo cha mbali. Barua yake alikuwa ameshaituma juu, haijajibiwa. Aliniaga kwa kunipa mikono yote miwili. Nilitaka kumwambia anisamehe, nikaishia kumwambia achunge barabara ni mbovu.

Mashine haikuhamishwa, imezaliana. Vituo vingine tisa vimepelekewa nakala. Mkurugenzi ameipa jina. Ameiita Sikio.

Jumatatu, 20 Mei

Tingatinga mbili. Hizo nazisikia, kila gia.

Jumanne, 21 Mei

Nilikwenda nikalala mbele ya moja. Dereva kashuka, kijana tu, kaniambia, "Baba yangu, mimi nimetumwa." Askari wawili wakaninyanyua kwa makwapa taratibu, kama wanahamisha kabati. Dada alikuwa amesimama na ndoo ya vyombo vyake kichwani, akitazama upande wa kiota. Sikumuuliza anasikia nini.

Jumatano, 29 Mei

Mvua zinakatika. Dada anaishi chumba chetu cha nyuma sasa. Asubuhi ananiamkia yeye mimi, habari za kulala, na kushukuru kwa kila kikombe cha chai. Ananitendea kama wenyeji wanavyotendewa na mgeni mwenye adabu. Afadhali angenitukana. Mke wangu anasema nimpe muda. Sote tumeshazeeka. Sijui huo muda anaouona yeye uko wapi.

Nimestaafishwa. Wamenipa cheti na saa ya ukutani.

Jumanne, 4 Juni

Binti kapiga simu. Mke wangu alishika simu, akawa ananirudia maneno moja moja usoni.

Huko aliko kuna kinamasi kingine, na kuna msikilizaji wao, mwanamke, miaka ishirini kazini. Mwezi uliopita waliletewa ile mashine. Yeye akaandika kisindano yupo, asubuhi baada ya asubuhi. Mashine ikaandika hayupo. Wakubwa wake wakawaweka pamoja, mashine ya asilimia tisini na saba na mama mwenye umri wa makamo, wakachagua. Wamemsimamisha kazi, wamempeleka kupimwa masikio. Binti amewaeleza ukweli wote, wamemwambia ana kinyongo cha kituo alichotoka. Na yule mama mwenyewe, kasema Binti, ameanza kuamini. Akisikia ndege sasa anauliza wenzake kwanza kama kweli kimelia kitu.

Nilimwomba Binti anuani ya yule mama. Nimekaa mezani tangu adhuhuri. Nimechana karatasi tano kwa sababu zote zilianza kwa kujitetea. Hii ya sita ni fupi, nami naiandika humu pia ili nisiibadilishe:

"Dada, hunijui. Masikio yako ni mazima. Unachokisikia kipo. Hiyo inayokubishia si mashine, ni mimi."